Magauni Saba ya Nekesa

Gauni la saba ndilo lililomfumbua macho Mejumaa.

Yale sita ya kwanza aliyakata bila ya kuyachunguza. Mtu akikuletea nguo za mkewe aliyekufa ili umshonee mtoto wao mfarishi wa viraka, huzikagui kama nguo za mnadani. Unazipokea kwa heshima, unasema Bismillahi, unatia mkasi.

Kazi hiyo aliijua tangu utotoni. Mafundi wa Biashara Street walimwekea makombo ya vitambaa ndani ya magunia, naye akiyaleta nyumbani kwao Bondeni huyamwaga juu ya mkeka, akayapanga kwa rangi, akayakata miraba na kuyaunga. Katikati hutia blanketi kuukuu, chini marekani, kisha hushona kwa mkono kutoka pembe hadi pembe. Mabibi arusi wa Mji wa Kale walilalia mifarishi yake. Lakini hakuna aliyewahi kumletea nguo za marehemu, mpaka siku Seth Barasa alipobisha hodi, mwezi wa Aprili mwaka wa tisini na sita.

Seth alikuwa mtu wa bara, karani wa reli, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayezungumza ndani ya nyumba yenye mgonjwa. "Binti yangu ana miaka mitano," alimwambia siku ile. "Halali mpaka apewe nguo ya mamake aikumbatie. Nguo zinachakaa. Nimesikia wewe unaweza kuziunganisha ziwe kitu kimoja."

Hakuweza kuziachilia zote kwa mara moja. Kila Jumamosi alileta gauni moja, na kila gauni lilikuwa na habari yake. Hili Nekesa alilivaa siku waliyokutana. Hili la kijani ni la kwaya. Hili alilinunua alipokuwa na mimba ya Cynthia. Mejumaa alisikiliza huku sindano ikienda. Jumamosi ya nne aligundua kwamba tangu Alhamisi masikio yake yalikuwa yakingoja hodi. Jumamosi ya sita Seth aliweka gauni mkekani na hakusema ni la siku gani. Alimtazama Mejumaa tu, naye Mejumaa akainamisha uso, na uzi ukamponyoka kwenye tundu la sindano mara tatu. Wakati wa kuondoka Seth alimshika mkono pale mlangoni. Mejumaa hakuuvuta.

Maneno kwamba Seth anataka kumwoa yakatoka, yakafika kwa Kombe, nduguye mkubwa. Kombe alifoka siku mbili, kisha akasema Seth akisilimu kwa moyo wake, na aje tuzungumze. Bi Mwanasiti, mama yao, aliuma mdomo tu, maana yeye hakumtaka mtu wa bara, asilimu asisilimu.

Ndipo likaja gauni la saba. Lilikuwa la manjano, lenye vifungo vyeupe kifuani. Seth aliliweka mkekani, akasema, "Hili ndilo la mwisho," na siku hiyo hakuketi.

Kitambaa kilikuwa kidogo, kwa hivyo Jumatano yake Mejumaa alianza kulifumua ubavuni apate upana. Alifumua mshono wa kwanza, akakuta wa pili. Akafumua wa pili, akakuta wa tatu. Akalisogeza gauni dirishani, akalisoma vizuri.

Mshono wa asili ulikuwa nje kabisa, umeachwa bila kazi, alama zake za cherehani zimebaki kama nyayo. Wa pili uliingia ndani vidole viwili, nao ni wa cherehani. Wa tatu uliingia zaidi, umeshonwa kwa mkono, uzi mweupe, mishono midogo ya mtu mwenye subira. Wa nne ulikuwa wa uzi mweusi, mishono mirefu iliyopinda, kama ya mtu anayeshona amelala. Na juu ya huo wa nne palikuwa na kutu ya pini. Kiuno cha mwanamke mzima kilikuwa kimerudi kuwa kiuno cha mtoto wa shule.

Mejumaa alikwenda kwenye kikapu cha makombo, akatafuta vipande vilivyobaki vya yale magauni mengine, akavigeuza kimoja kimoja. La kijani la kwaya lilipunguzwa mara moja. Lile la sita lilipunguzwa mara mbili. Alikaa juu ya mkeka na vile vipande mapajani. Alikuwa amewahi kuiona hesabu hii. Mwaka juzi alimpunguzia nguo Awiti, muuza mitumba wa Tononoka, mara tatu katika miezi minane. Mara ya nne Awiti hakuja tena, na watu walipomtaja waliteremsha sauti.

Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa alishona ili asifikiri. Jumamosi asubuhi mfarishi ulikuwa umekwisha.

Siku hiyo ndiyo iliyopangwa. Seth aje kuuchukua, na baada ya sala ya alasiri Kombe aje wazungumze habari ya posa. Bi Mwanasiti alikuwa nyuma ya pazia, chumba cha ndani, akikuna nazi kwa ajili ya mgeni asiyemtaka. Mlio wa mbuzi ulikuwa mkali, kama anayekuna ana ugomvi na nazi yenyewe.

"Hodi!"

"Karibu."

Seth aliingia amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. "Masalkheri, Mejumaa," alisema. Salamu hiyo alijifunza hapo hapo mkekani.

"Masalkheri."

Alipouona mfarishi umetandazwa alipiga magoti. Alitembeza kiganja juu yake polepole, kiraka baada ya kiraka, mpaka alipofika kwenye manjano. Hapo mkono ukasimama.

"Keti, Seth. Nataka kukuuliza neno, na nataka unijibu kabla kaka hajafika."

Aliketi. Mejumaa alimtazama uso ule aliokuwa ameuzoea, mashavu yale, macho yale yaliyokuwa yakimtia joto tangu Alhamisi mpaka Jumamosi. Sasa aliyatazama kwa kuyachunguza, na alijichukia kwa kuchunguza.

"Nekesa alikuwa akiugua nini?"

"Nilikwambia. Kifua."

"Kifua gani?"

"Kifua, Mejumaa. Alikohoa mwaka mzima."

Mejumaa alichukua ule ubavu wa gauni la manjano aliouweka kando, akautandaza mbele yake. "Mimi sikusoma sana. Darasa la saba tu. Lakini hiki nakisoma. Hapa alikuwa mzima. Hapa fundi alimpunguzia. Hapa alijipunguzia mwenyewe, na bado ana nguvu. Na hapa..." Aligusa uzi mweusi. "Hapa alikuwa hawezi hata kukaa. Seth, mkeo alikufa na nini?"

Seth alikiangalia kile kitambaa kwa muda mrefu. Nyuma ya pazia nazi iliendelea kukunwa.

"Wewe wajua," alisema mwisho.

"Nataka nisikie kwako."

"Alikufa na ukimwi."

Neno lenyewe lilitoka dogo sana. Mejumaa alikuwa amelingoja siku tatu, na hata hivyo lilimpiga kana kwamba halikuwahi kumpitia kichwani.

"Ulipima?"

"Februari. Wiki mbili baada ya kumzika."

"Na?"

Seth aliinua macho tu, na Mejumaa akaliona jibu pale lilipokuwa siku zote.

"Mtoto?"

"Cynthia ni mzima. Wamempima mara mbili. Ni mzima kabisa."

Mlio wa nazi ulikatika ghafla.

"Na leo ulikuja kutoa posa," Mejumaa alisema.

"Nilikuja kukwambia."

"Wiki iliyopita pia ulikuja kuniambia? Na wiki ile uliponishika mkono hapo mlangoni? Ulimwacha kaka yangu azungumze na shehe habari ya kukusilimisha, mamangu akapike, mimi nikalala nikiota nyumba. Ungeniambia lini, Seth? Kabla ya nikaha, au nikianza na mimi kupunguza nguo zangu?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi?"

"Lile la manjano ningeweza kulifumua mwenyewe," Seth alisema. Alikuwa akizungumza na mikono yake. "Nililishika usiku kucha, na wembe ninao. Nikasema, yeye ni mtu wa nguo, ataona. Mdomo wangu ulikuwa umenishinda, nikaleta gauni liseme."

"Huo ni uoga."

"Ni uoga."

"Uliniachia nikisome kifo changu katika mshono wa mkeo!"

"Mejumaa." Mara hii alimtazama. Macho yalikuwa yamejaa, lakini hayakumwagika. "Kule ninakokaa watu wananipita mbali. Nikiweka ndoo kwenye bomba, wanasuuza bomba. Hapa nikisema hodi, wewe unasema karibu, unaniletea kahawa kwa mkono wako. Kila Jumamosi nilikuja njiani nikisema leo, leo. Nikifika nikasema acha niwe mtu hii saa moja tu. Nilikukosea. Sikujua kama nitakupenda. Nilipojua, nikazidi kuogopa."

Kama angejitetea, ingekuwa rahisi zaidi. Mejumaa alitaka kumpiga, na alitaka kukishika kichwa chake akiweke mapajani pake, na yote mawili aliyataka kwa nguvu moja.

"Toka, Seth."

"Kaka yako akija..."

"Toka."

"Mwambie nimegeuka. Mwambie mtu wa bara hana ahadi. Bora anidhanie hivyo."

"Huo nao ni uongo. Hata sasa wanifundisha uongo!"

Aliinuka, akavaa viatu vyake pale kizingitini bila kufunga kamba, akaenda. Mfarishi aliusahau, au hakuthubutu kuuchukua.

Pazia lilifunguka. Bi Mwanasiti alisimama na mikono yake myeupe kwa nazi.

"Nimesikia," alisema. "Alhamdulillahi. Mwenyezi Mungu amekuepusha na shimo, nawe mguu ulikuwa ushauinua."

Mamake alichukua karai, akaanza kuzoa makombo yote mkekani, vipande, nyuzi, mpaka vifungo vyeupe, kwa ncha za vidole kana kwamba anazoa makaa.

"Wafanya nini, mama?"

"Nazitia moto. Zote. Na huo mfarishi pia."

"Mama, uzi wa nguo hizi nimeukata kwa meno wiki saba. Ingekuwa maradhi yamo ndani ya nguo, si ningekuwa nayo tayari?"

"Usijiapize, Mejumaa! Nyumba ina malaika hii!"

"Hayapiti kwenye nguo. Hata kwenye redio wamesema."

"Redio haikukuzaa." Bi Mwanasiti aliinama kuushika mfarishi. Mejumaa akaketi juu yake.

"Huu ni wa mtoto."

"Atashonewa mwengine."

"Mamake hana magauni mengine."

Waliangaliana. Bi Mwanasiti ndiye aliyepepesa macho kwanza. Akabeba karai lake mpaka uani, na punde harufu ya nguo inayoungua ikajaa nyumba. Kombe alipokuja baada ya alasiri alikuta wali wa nazi umepoa na dadake amefura macho. "Hakuna posa," Mejumaa alimwambia, basi. Kombe akatukana watu wa bara wote, kuanzia Voi mpaka mwisho wa reli. Bi Mwanasiti alinyamaza kwa kuona aibu, na Mejumaa akanyamaza kwa sababu siri haikuwa yake.

Jumanne, saa tisa, aliukunja mfarishi, akaufunga kwa kanga, akaenda Tononoka, alikokuwa akikaa Seth.

Nyumba aliijua kwa kuulizia. Ilikuwa na vyumba vingi kuzunguka uwanja mmoja, na bomba katikati. Mama mtu mzima, kitambaa kichwani, alikuwa akifua peke yake bombani. Wanawake wengine walikuwa wamesimama mbali na ndoo zao tupu, wakingoja amalize.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatafuta nani?"

"Mimi ni Mejumaa. Nimeleta mfarishi wa Cynthia."

Yule mama alijifuta mikono polepole. Alikuwa Truphosa, mama wa marehemu Nekesa, aliyetoka Bungoma kumzika mwanawe na kubaki kulea mjukuu. Mejumaa alimnyooshea mkono. Truphosa aliutazama ule mkono, akawatazama wale wanawake wa ndoo, kisha akaupokea kwa mikono yake miwili, ikiwa ingali na maji.

"Alituambia hutakuja tena," alisema.

"Nami nilidhani hivyo."

Ndani, Cynthia alikuwa sakafuni akichezea vibiriti. Mejumaa alifungua kanga, akautandaza mfarishi kitandani. Mtoto aliusogelea taratibu, akaweka kidole.

"Hii ya kwaya," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Hii ya sokoni. Hii ya kwenda kwa nyanya." Kidole kilitembea mpaka kikafika kwenye manjano. "Hii alikuwa analala nayo."

Akapanda kitandani, akalaza shavu lake juu ya kile kiraka, akafumba macho. Truphosa alitoka nje haraka akajifanya anaangalia jiko.

Seth alirudi saa kumi na moja. Alisimama mlangoni na koti la kazi mkononi, akawaona: mtoto amelala usingizi mchana peupe, na Mejumaa ameketi kando yake. Truphosa aliingia na sahani moja kubwa ya ugali na sukuma wiki, akaiweka juu ya meza ndogo.

"Sisi hula pamoja," alimwambia Mejumaa, bila kumtazama. "Wewe ntakupakulia yako kando, usijali. Tumezoea."

"Nitakula na nyinyi."

"Si lazima, binti yangu."

"Najua, mama."

Alinawa mkono. Mlango ulikuwa wazi, na kule bombani sauti zilikuwa zimenyamaza. Alimega tonge, akachovya, akala. Kujua jambo kwa redio ni kitu kimoja, na kulitia mdomoni ni kingine. Alimega tena. Seth hakuweza kula. Aliinamisha kichwa, na mara hii machozi yalimwagika, yakadondoka juu ya meza, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Seth alimsindikiza Mejumaa mpaka kwenye lango. Walisimama mbalimbali, kama watu wasiojuana.

"Sitaolewa nawe, Seth."

"Najua."

"Si dini, wala si Kombe. Naogopa. Naogopa kufa, na naogopa kumwacha mamangu peke yake. Nakwambia kweli kwa sababu wewe hukuniambia."

"Ni haki yako."

"Na sijakusamehe."

"Hilo pia najua."

"Jumapili ntakuja."

Seth alitikisa kichwa. "Usije. Nitaanza kuharibika, Mejumaa. Pengine mwaka huu, pengine ujao. Sitaki unione. Kwa nini uje?"

Mejumaa alijifunga buibui vizuri, akatazama barabara. "Kwa sababu nikikaa nyumbani ntakuwa nakungoja," alisema. "Na nimechoka kungoja."

Alipofika Bondeni, mamake alimuuliza ametoka wapi, naye akasema Tononoka. Akamuuliza kama amekula. Akasema, "Nimekula. Sahani moja nao." Bi Mwanasiti hakuongeza swali. Lakini asubuhi yake Mejumaa alikuta kikombe chake na sahani yake zimewekwa peke yake juu ya dirisha, na kwenye mkono wa kikombe pamefungwa uzi mwekundu, kisije kikachanganyika na vya wengine. Fundo lilikuwa la mamake, alilijua, maana ndiye aliyemfundisha kulifunga. Alimimina chai ndani ya kikombe hicho, akainywa yote, akakiosha, akakirudisha dirishani. Alifanya hivyo siku nne.

Jumapili alivaa, akakuta mamake ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha mlango mzima.

"Ukitoka leo namwambia Kombe kila kitu."

"Bora ajue, mama."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema. Nawe watakusema. Nisamehe kwa hilo."

"Basi pita." Bi Mwanasiti hakuukunja mguu. "Niruke upite, ikiwa moyo wako umekuwa jiwe."

Mejumaa alivua viatu, akaketi sakafuni kando yake.

"Sitakuruka, mama. Nitangoja unipishe."

Walikaa hivyo, bega kwa bega. Jua likapanda, likaingia mlangoni, likawafika magotini. Majirani walipita wakaamkia, wote wawili wakaitikia kama kwamba wamekaa kupunga upepo. Mara moja Bi Mwanasiti alimtazama bintiye kwa pembe ya jicho, akaona amekonda uso tangu Jumamosi ile.

Adhana ya adhuhuri ikaanza msikitini. Bi Mwanasiti aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja juu ya bega la Mejumaa, akajiegemeza, akainuka, akaingia ndani kutia udhu. Hakusema nenda, wala hakusema kaa.

Mejumaa alingoja mpaka aliposikia maji yakimwagika uani. Akavaa viatu vyake, akatoka.